Usimuuze Cade

Ndugu, umeuliza kama timu ya mpira wa kikapu ya NBA, Detroit Pistons ya msimu wa 2023-24, iliyofungwa mechi 28 mfululizo na kumaliza na ushindi 14 tu kati ya 82, ingepona kwa kumuuza nyota wake Cade Cunningham na kuanza upya. Hapana. Hao wenzako wanaobishana nawe wanatazama matokeo, hawatazami nafasi uwanjani.

Rudia mechi zile, na safari hii usiufuate mpira. Mtazame beki anayemlinda Ausar Thompson au Killian Hayes: amemwacha mtu wake kwenye mstari wa pointi tatu, amesimama chini ya goli, maana anajua hawa si warushaji wa mbali. Cade akiingia anakuta watu watatu. Akitoa pasi, inamfikia mtu ambaye wapinzani wanaomba arushe! Mashambulizi ya namna hiyo hata kocha wa mamilioni hayaokoi, na Monty Williams, kocha wao wakati huo, alilipwa vizuri sana.

Msimu uliofuata Hayes hakuwepo tena, lakini vijana wengi wale wale, Cade na Thompson wakiwemo, walibaki. Alikuja kocha J.B. Bickerstaff, pamoja na wakongwe Tobias Harris, Tim Hardaway Jr. na Malik Beasley, ambaye peke yake alifunga mitupo 319 ya pointi tatu. Wakashinda mechi 44, wakaingia mchujo wa kuwania ubingwa.

Kwa hiyo mkibishana tena, waulize: wangapi kati ya watano wanaoanza wanalazimisha beki awafuate mbali na goli? Wakisema wawili, mjadala wa nyota uahirisheni.