Kabla ya kuhesabu kura, ulizeni jambo lenyewe ni la nani

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Unasema klabu yenu ya jiokeshingi, yaani mchezo wa kuficha makasha yenye daftari ndani na kuyasaka kwa GPS, ina wanachama 36, kwamba kamati ya watu watano imezoea kuamua mambo yenyewe, na kwamba sasa upande mmoja unataka kila uamuzi upigiwe kura na wanachama wote, huku upande wa pili ukilalamika kuwa mchezo utageuka bunge. Nimekuwa katibu wa klabu ya namna hiyo kwa miaka sita, na nina hakika nimehesabu kura nyingi kuliko makasha niliyoyaficha. Kwa maoni yangu mnabishana juu ya jambo la pili na la kwanza hamjaligusa: ni mambo gani ambayo wanachama wana haki ya kuyapigia kura hata kidogo?

Mimi nililijifunza hilo kwa aibu. Palikuwa na kasha moja kwenye mizizi ya mti, kopo la plastiki ambalo mfuniko wake ulikuwa umepasuka, na daftari ambalo wasakaji hutia sahihi ndani yake lilikuwa limelowa hata kurasa zimegandana kama maandazi yaliyomwagikiwa chai. Wasakaji watatu walikuwa wameandika kwenye ukurasa wa kasha hilo mtandaoni kwamba linahitaji matengenezo, na mwenyewe, ambaye alikuwa mwanachama mwenzetu, alikuwa kimya kwa miezi kadhaa. Katika kikao tukaleta hoja kwamba liondolewe na mahali pake pawekwe kasha la klabu. Mwenyekiti akasema wanaoafiki waseme ndiyo, na walioafiki wakashinda kwa kura 17 dhidi ya 4. Siku iliyofuata tukaenda kulichukua. Mwenyewe aliporudi kutoka safari akatuandikia mstari mmoja tu: ni nani aliyewapa ruhusa ya kugusa mali yangu? Hatukuwa na jibu, kwa sababu jibu halikuwapo.

Kasha ni la aliyelificha, na wajibu wa kulitunza ni wake. Hata kampuni inayoendesha geocaching.com, tovuti yenye orodha ya makasha, haihamishi umiliki wa kasha kwenda kwa mtu mwingine bila ridhaa ya mwenyewe. Likitelekezwa, mhakiki wa kujitolea, anayekagua makasha ya orodha hiyo, anaweza kulifunga, na baada ya hapo mwingine yeyote anaweza kuomba kuficha lake eneo hilo. Hiyo ndiyo njia tuliyopaswa kuifuata. Kura zetu 17 hazikuwa na uzito mbele ya neno la mtu mmoja ambaye hakuwapo kikaoni. Tulimrudishia kopo lake likiwa na daftari jipya. Alilipokea kwa adabu, na mwaka uliofuata hakulipa ada.

Ruhusa ya mwenye ardhi ni hivyo hivyo, na umbali kati ya makasha pia. Kanuni ya orodha hiyo inataka mita 161 baina ya kasha na kasha, na sisi tuliwahi kutumia karibu saa nzima kujadili, kisha kupitisha kwa kura nyingi, kwamba kwenye njia yetu ya matembezi mita 100 zinatosha. Mhakiki alitukatalia kwa sentensi moja.

Yanayobaki ndiyo ya wanachama: katiba, ada, matumizi ya fedha, uchaguzi wa viongozi, kumfukuza mtu, ratiba ya mikutano na ya siku za kuokota takataka njiani, na makasha yaliyofichwa kwa jina la klabu yenyewe (hapa amueni pia ni nani anayeshika nywila ya akaunti hiyo, maana siku akikasirika mtajua umuhimu wake). Kuchagua aina ya kopo au kubadilisha daftari lililojaa ni kazi za kamati, na anayetaka hizo nazo zipigiwe kura aulizwe kama yuko tayari kuhudhuria vikao vyote hivyo.

Sasa kuhesabu. Katiba yetu ilisema kwamba mabadiliko yanahitaji theluthi mbili, na haikusema theluthi mbili za nani. Tulikuwa wanachama 40. Siku ya kikao walifika 24, yaani akidi ilitimia. 13 wakakubali, 6 wakakataa, 5 wakajizuia. Ukihesabu waliopiga kura tu, 13 kati ya 19 ni zaidi ya theluthi mbili, hivyo hoja imepita. Ukihesabu waliohudhuria, zilihitajika kura 16, na hoja imeanguka. Ukihesabu wanachama wote, zilihitajika 27, ambazo hazingepatikana hata kama ukumbi mzima ungeafiki. Waliojizuia walidhani wamekaa pembeni, kumbe kwa hesabu ya pili walikuwa wamepiga kura ya hapana. Tulibishana hadi taa za ukumbi zikazimwa. Maneno mawili, "waliopiga kura", yangetuokoa.

Machaguo yakizidi mawili mambo huwa magumu zaidi. Tulikuwa na akiba, na palikuwa na mapendekezo matatu: kununua vifaa vya GPS vya kuazima wageni, kuandaa sherehe ya tarehe 3 Mei kukumbuka kasha la kwanza lililofichwa Oregon mwaka 2000, au kutengeneza sarafu za klabu zenye namba za kufuatilia safari zao kutoka kasha hadi kasha. Mwenyekiti aliyapambanisha mawili mawili. Vifaa vilishinda sherehe, kisha sarafu zikashinda vifaa, na uamuzi ukaandikwa. Baadaye mmoja wetu, mtu wa hesabu, akauliza ingekuwaje kama sarafu zingepambanishwa na sherehe. Tulipoinua mikono kwa ajili ya kujua tu, sherehe ilishinda. Mwanahisabati Mfaransa, Condorcet, alilieleza fumbo hili mwaka 1785: kila pendekezo linaweza kushindwa na jingine, na mshindi akawa ni yule ambaye mpangilio wa mwenyekiti umempendelea. Mwenyekiti wetu hakuwa na hila yoyote, lakini mwenye hila angeweza. Tangu hapo kila mtu huweka alama kwenye mapendekezo yote anayoweza kuyakubali, na lenye alama nyingi ndilo linalopita. Si njia isiyo na dosari, ila hakuna anayeweza kuipindisha kwa kupanga foleni.

Kuhusu kura za mtandaoni, nina mawili tu. Ziache wazi kwa siku saba angalau, kwa sababu mwishoni mwa wiki wasakaji hodari wako porini na si kwenye simu. Na matokeo yafichwe mpaka muda uishe, la sivyo waliochelewa hufuata mkumbo. Kura inayomhusu mtu kwa jina lake iwe ya siri, iwe ya ukumbini au ya mtandaoni.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, nami naliona ndilo litakalowagonganisha. Katika mchezo huu familia nzima mara nyingi husaka kwa jina moja la akaunti. Kwetu palikuwa na baba, mama na watoto wawili waliokwisha kuwa watu wazima, wote chini ya jina moja, ada moja, sahihi moja kwenye kila daftari. Uchaguzi wa mweka hazina ulipofika wakaja wote wanne na kudai karatasi nne. Katiba ilisema "kila mwanachama", lakini rejista niliyoitunza mimi ilikuwa ya majina ya akaunti. Niliwapa moja. Mgombea wao alishindwa kwa kura mbili, na mpaka leo mama mwenye nyumba ile hunisalimia kwa kichwa tu. Kwa hiyo fungueni rejista yenu leo, muone mistari mingapi ina zaidi ya mtu mmoja nyuma yake, na muandike familia ya namna hiyo ina kura ngapi wakati bado hamjajua nani anagombea.