Unga wa Kabla ya Wino, Mchanga wa Baada ya Wino

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika vyeti vya ubatizo na kadi za harusi kwa kalamu ya kuchovya hapa Tukuyu, ambako mvua haituachi kwa muda mrefu na wino hukawia kukauka. Ndiyo sababu nilivutiwa na vikaushio vya kale, na ndiyo sababu nataka kuwaonya wenzangu juu ya kosa lililonigharimu: si kila unga wa kikopo chenye matundu ni wa kunyunyizia wino mbichi.

Waandishi wa Ulaya walikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa unga laini wa sandaraki, yaani utomvu mkavu wa mti wa Afrika Kaskazini (jina lake linafanana na la sandarusi yetu ya pwani, ingawa miti ni tofauti), au unga wa gamba la ndani la dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi). Huo ulisuguliwa kwenye karatasi kabla ya kuandika, hasa mahali palipokwanguliwa kwa kisu, ili wino usisambae. Cha pili kilikuwa mchanga, ulionyunyizwa baada ya kuandika kwa kuwa karatasi ya wakati huo ilipakwa gundi ya ngozi na haikunywa wino upesi. Ukishafanya kazi yake, mchanga ulirudishwa kikoponi. Ndiyo maana vikopo vingi vina kifuniko kilichobonyea kama kisahani.

Mimi nilimwaga sandaraki juu ya jina la mtoto lililokuwa bado linang'aa kwa unyevu. Unga uliganda ndani ya herufi ukaacha makovu ya kijivu, nikalazimika kuandika cheti upya usiku ule ule.

Siku hizi natumia mchanga wa Mto Kiwira. Nauosha mpaka maji yawe meupe, naukausha kwenye kikaango, kisha naupitisha kwenye chujio la chai na kubakiza punje laini tu.

Karatasi ya kukaushia, iliyouondoa mchanga mezani katika karne ya 19, nayo ni nzuri. Lakini kwa wino wa chuma (wino wa kale wenye chumvi ya chuma) usiikandamize mapema, kwa sababu wino huo hukolea weusi unapokutana na hewa, na ukiunyonya ungali mbichi maandishi hubaki yamepauka. Mimi huhesabu pumzi ishirini kwanza.