Kwa wadogo zangu mnaoanza kuratibu tafiti za dawa za afya ya uzazi

Juzi nimemsikia dogo mmoja mgeni kazini anampigia mshiriki simu, kumbe aliyepokea sio mshiriki, na yeye anaendelea tu kujieleza "napiga kutoka utafiti wa..." nikamnyang'anya simu. Kaninunia mpaka jioni. Ni mchapakazi na nampenda, ila jamani, haya tulishayalia zamani na bado mnayarudia!

1. Ridhaa. Kamati ya maadili ikipitisha toleo jipya la fomu, nakala za zamani zitoke siku hiyohiyo, mpaka zile za kwenye mabegi ya wahudumu wa jamii. Na shahidi wa mama asiyejua kusoma anakaa tangu mwanzo wa maelezo, sio mnamwita mlinzi getini aje kusaini mwishoni.

2. Simu. Hapa nikae kidogo. Miaka ya nyuma tulikuwa na utafiti wa dawa ya wanawake wanaotoka damu nyingi hedhini, na masharti yake ni kutumia uzazi wa mpango muda wote. Mama mmoja kakosa vizit (siku yake ya kuja kliniki), dirisha, yaani muda wa mwisho wa kumpokea, linafungwa Ijumaa, monita anayekuja kukagua utafiti anakuja Jumatatu, ofisi nzima presha juu. Nesi akapiga namba ya pili kwenye fomu ya lokata, ile ya namba na mahali pa kumpata mshiriki, akapokea mwanaume, nesi akasema mwambie mama aje kliniki ya utafiti na zile dawa zake. Mwanaume akauliza, "Dawa gani?" Alikuwa mumewe, na muda wote huo anasubiri mtoto. Mama alikuja baada ya siku chache, hakukaa, akaweka kichupa mezani na vidonge vyake ndani, akasema "mliniambia ni siri" akaondoka. Tukaripoti kwa kamati kama inavyotakiwa, tukaandika barua, lakini barua haimsaidii mtu nyumbani kwake. Tulipofungua lokata, sehemu ya "namba hii ni ya nani" ilikuwa tupu.

Kwa hiyo siku ya kumwandikisha muulizeni: simu ni ya nani, nani mwingine anapokea, saa ngapi yuko peke yake, akipokea mtu mwingine tuseme nini au tukate. Meseji isiwe na jina la kliniki. Na gari lenye nembo lisipaki mlangoni kwake, hata kama jua ni kali.

3. Msifurahie haraka hesabu ya vidonge. Utafiti wa VOICE wa kinga ya VVU, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, kwa maneno yao na dawa walizorudisha ilionekana wanatumia kwa karibu asilimia 90, damu ikaonyesha dawa kwa chini ya theluthi. Baadhi waliogopa wenza wao na maneno ya watu. Mama akikuletea kichupa kitupu, muulize kwanza anakificha wapi.

4. SAE, yaani tukio baya kubwa la kiafya kwa mshiriki, inaripotiwa ndani ya saa 24 tangu mjue, msisubiri faili likamilike.

5. Ukikosea kuandika piga mstari mmoja, saini, tarehe. Wino mweupe sitaki kuuona.

Kesho kabla ya vizit ya kwanza toeni lokata zote kabatini, zenye sehemu tupu wekeni pembeni, na hao akina mama msiwapigie mpaka waje wenyewe mkae nao faragha mjaze.