Anzia mlangoni, dada
Dada wa Uyole, umeuliza nyumba itakaaje safi wakati unatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza limeingia. Mimi niko Iringa, nina watoto watatu, na adui yangu ni matope. Novemba mpaka Aprili mvua haina huruma, kwa hiyo pambana mlangoni: gunia kuukuu nje, tambara lenye unyevu ndani, viatu vibaki kibarazani. Hapo kazi ya kudeki imepungua nusu. Vyombo vya usiku usivilaze; mafuta yakiganda kwa baridi ya Juni utasugua mpaka ukome. Asubuhi tandika kitanda, fagia sebule na jikoni, basi. Madirisha? Jumamosi. Na shemeji naye ana mikono, mpe ufagio.