Hakuwa steringi, lakini jicho langu humfuata yeye: Earl Cameron

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni mwigizaji gani wa filamu za zamani ambaye hakuwahi kuwa steringi, lakini anapotokea msomaji hatazami mtu mwingine. Jibu langu ni Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Uingereza tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hadi karne hii. Wakenya wengi waliowahi kutazama filamu zilizotungwa kuhusu nchi yetu enzi za mkoloni wamemwona, ila jina lake hawalijui.

Alizaliwa Pembroke, Bermuda, Agosti 1917. Alikuwa baharia wa meli za biashara, na mwishoni mwa Oktoba 1939, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, alifika London akabaki huko. Kazi alizopata ni zile ambazo mtu mweusi alipewa wakati huo: kuosha vyombo, kufanya vibarua vya jikoni. Mwaka 1941 alikuwa katika jiko la mkahawa wa Strand Corner House pale rafiki yake, Harry Crossman, alipompa tiketi ya kwenda kutazama mchezo wa Chu Chin Chow katika ukumbi wa Palace. Crossman mwenyewe alikuwa na sehemu ndogo jukwaani. Cameron akamwomba amtafutie nafasi, akajibiwa kwamba zimejaa. Wiki mbili tatu baadaye mwigizaji mmoja hakutokea, na Cameron akachukuliwa papo hapo.

Bahati ya namna hiyo wapo wengi wanaoipata. Kinachonifanya nimheshimu ni alichofanya baada ya hapo. Alienda kujifunza matumizi ya sauti kwa Amanda Aldridge, mwimbaji na mwalimu aliyekuwa na umri wa karibu miaka 80. Huyu ni binti wa Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyecheza Othello, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, katika ukumbi wa Covent Garden mjini London mwaka 1833. Ukimsikiliza Cameron kwa makini utasikia matunda ya mafunzo hayo. Hapandishi sauti ili aonekane ana hisia. Kila neno hulitoa zima, kisha anangoja.

Filamu iliyomtambulisha ni Pool of London ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Basil Dearden. Cameron ni Johnny, baharia kutoka Jamaika anayeshuka melini kwa siku chache na kukutana na msichana wa Kizungu mkata tiketi. Wanatembea mjini, wanazungumza, na kila mmoja anajua kwamba mambo hayawezi kufika mbali. Hakuna hata busu, lakini kwa sinema ya Uingereza ya mwaka ule hata matembezi yale yalikuwa jambo jipya. Baada ya kazi kama ile, mwigizaji wa Kizungu angetafutiwa filamu yake mwenyewe. Cameron alirudi kwenye foleni ya nafasi ndogo.

Na hapo ndipo anapoingia katika historia yetu. Mwaka 1955, Kenya ikiwa bado katika Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni kuwakabili Mau Mau, ilitoka filamu iitwayo Simba, ikiwa na Dirk Bogarde na Virginia McKenna. Sehemu kubwa ilipigwa katika studio za Pinewood, Uingereza. Cameron ni Karanja, daktari Mkikuyu. Baba yake, mzee wa kijiji, anachezwa na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Yaani baba na mwana wa Kikuyu, mmoja ametoka Nigeria na mwingine Bermuda! Filamu yenyewe inawaonyesha wapiganaji wa Mau Mau kama watu wa panga na giza tu. Suala la ardhi haliguswi ipasavyo, na kambi za vizuizini hazipo kabisa. Mtu yeyote aliyelelewa na wazee waliopitia miaka ile ataitazama kwa uchungu.

Hata hivyo mtazameni Karanja. Walowezi hawamwamini kwa sababu ni Mkikuyu, na watu wake hawamwamini kwa sababu anafanya kazi na Wazungu. Anatukanwa. Mwandishi wa filamu hakumpa hotuba ya kujitetea. Cameron anasimama, anamtazama anayemtukana mpaka amalize, na uso wake unabeba yote ambayo filamu ilikataa kuyasema. Mwishoni anauawa akijaribu kuutuliza umati. Kwa filamu iliyotengenezwa ili mtazamaji awahurumie walowezi, mtu unayeondoka naye akilini ni huyu daktari. Sidhani kama watengenezaji walikusudia hivyo.

Mwaka uliofuata wakampa upande wa pili. Katika Safari ya Terence Young, iliyopigwa hapa Kenya, yeye ni Jeroge, muuaji kutoka kundi la Mau Mau anayesakwa porini na mwindaji wa Kizungu. Mwaka 1959, katika Killers of Kilimanjaro, akawa mganga wa kienyeji. Hebu pangeni uhusika huo mstari mmoja: daktari mwaminifu, muuaji, mganga. Mwafrika wa sinema ile alikuwa na milango hiyo tu, na Cameron aliipita yote kwa kuwa alikuwa na familia ya kulisha na kazi aliyoipenda. Wapo watakaosema angekataa. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Angekataa, nafasi zile zingejazwa hata hivyo, na yaelekea na mtu ambaye angezicheza kwa kuchekesha watu. Yeye hakumcheza Mwafrika kama kichekesho.

Kazi yake bora, kwa maoni yangu, ni Sapphire, pia ya Dearden, mwaka huohuo wa 1959, muda mfupi baada ya ghasia za kibaguzi za Notting Hill. Msichana mwanafunzi anakutwa ameuawa Hampstead Heath, na polisi wanamchukulia kuwa Mzungu. Kisha kaka yake anawasili kutoka Birmingham: Dakta Robbins, mtu mweusi. Cameron anaingia ofisini, anauona mshtuko kwenye nyuso za maofisa, na anausubiri upite. Ni dhahiri ameuona mshtuko huo mara nyingi maishani. Katika sekunde hizo chache tunaelewa kwa nini dada yake aliamua kujificha ndani ya rangi yake nyeupe. Na mwishoni mwa filamu, mpelelezi anapompeleka katika nyumba ya familia inayoshukiwa, kuwapo kwake tu chumbani kunamfanya muuaji ashindwe kujizuia. Filamu hiyo ilipata tuzo ya BAFTA ya filamu bora ya Uingereza.

Miaka iliyofuata alizunguka kila mahali. Alikuwa msaidizi wa James Bond kule Nassau katika Thunderball (1965), na mwanaanga katika Doctor Who (1966), wakati ambapo mtu mweusi kuvaa vazi hilo kwenye televisheni lilikuwa jambo geni. Wasomaji wa Mombasa, Lamu na Unguja huenda wanamkumbuka zaidi kwa The Message ya Moustapha Akkad, ile ya Kiingereza ya mwaka 1976. Najashi, mfalme wa Habasha aliyewapokea Waislamu wa mwanzo waliohama Makka, ni yeye. Jaafar, msemaji wa Waislamu hao, anaposoma habari za Maryamu, kamera inamgeukia mfalme, naye anasikiliza. Waigizaji wengi hungoja zamu yao ya kusema. Cameron alikuwa akisikia kweli, na nadhani hiyo ndiyo siri ya kazi yake yote.

Mwaka 1979 aliondoka Uingereza kwenda Visiwa vya Solomon, yeye akiwa muumini wa dini ya Kibahai, akaishi huko takriban miaka 15 na kuendesha duka la aiskrimu. Aliporudi alikuwa mzee, na watu wa sinema walikuwa wamemsahau. Ndipo Sydney Pollack akampa The Interpreter (2005), iliyopigwa ndani ya jengo la Umoja wa Mataifa New York. Cameron, akikaribia miaka 90, ni Zuwanie, rais wa nchi ya kubuni ya Kiafrika, mkombozi aliyegeuka kuwa mtesaji wa watu wake. Analazimishwa kusoma kwa sauti maneno aliyoyaandika mwenyewe alipokuwa bado mtu mwema. Ni ile sauti ya Bi Aldridge, imechoka sasa, na mzee anaanza kujisikia mwenyewe. Hatimaye, baada ya zaidi ya nusu karne, aliaminiwa kumcheza Mwafrika mwenye historia, makosa na dhamiri.

Alifariki Julai 2020 akiwa na miaka 102. Nyumbani Bermuda, ukumbi wa maonyesho mjini Hamilton umepewa jina lake. Anayetaka kumjua aanze na Sapphire, halafu The Interpreter. Simba aiweke mwisho, na akiwa na mzee wa miaka ile karibu aitazame naye, amwulize juu ya kila kilichoachwa nje.