Mabeki wote wakipanda, nani anabaki?

SWALI: Shikamoo kocha. Timu yangu ya mtaani hapa Tanga inacheza 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu). Tunashambulia vizuri, ila tukipoteza mpira tu tunafungwa kwa kaunta, shambulizi la kushtukiza. Nirudi 4-4-2, yenye viungo wanne na washambuliaji wawili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfumo usiubadilishe. Mwangalie namba sita wako, kiungo mkabaji. Barcelona ya kocha Guardiola, beki wa kulia Dani Alves alipopanda hadi karibu na kibendera cha kona, namba sita wao, Busquets, alishuka kati ya mabeki wa kati, nyuma wakawa watatu. Mimi mazoezini humchorea namba sita duara la chokaa, hatua kumi mbele ya mabeki. Mpira ukiwa boksi la wapinzani, hatoki humo. Na winga aliyepokonywa akabe palepale, asimnyooshee refa mikono! Beki wa kushoto akipanda, wa kulia abaki.