Mwanangu, nimesoma swali lako

Mwanangu, salamu toka Katuba, hapa Lubumbashi, mama yako na wadogo zako wote wazima. Ule ujumbe wako wa usiku nimeurudilia kuusoma: "Papa, namna gani nitapata furaha yenye itadumu na mutu wa kunipenda kweli, wakati mi mwenyewe sijue mi ni nani?" Nakuandikia juu kwa telefone ungenikatiza.

Angalia babu yako. Alizaliwa muji huu ukiitwa Élisabethville, 1966 ukawa Lubumbashi. Kazi aliingia ikiitwa Union Minière, ikaja kuwa Gécamines. 1971 inchi ikawa Zaïre, mwaka wenye ulifuata majina ya ubatizo yakakatazwa, lake akaliweka pembeni akachukua la wazee wake, halafu 1997 tukarudi Congo, na Katanga yenye walikuwa wameigeuza Shaba ikarudi Katanga. Sasa katika hayo yote babu yako alikuwa nani? Mi namkumbuka hivi: mvua ikianza novemba anaenda shamba kabla ya jua, siku ya yenga anapita kwa dada yake komini ya Kenya, humu mujini, hata kama jana yake waligombana, na akikuahidi kitu basi hesabu umeshakipata. Nyanya yako njo hayo alipenda.

Unilu, université ya Lubumbashi, tulisoma Erik Erikson, mutu wa saikolojia. Hakumjua baba yake mzazi, alikua na jina la baba wa kambo, na alipopata uraia wa Marekani 1939 akajichagulia mwenyewe jina Erikson. Alifundisha kama mapendo ya karibu yanataka kwanza ujijue, la sivyo utaogopa kumezwa na mwenzako. Mi nakubaliana naye nusu. Hauhitaji kumaliza kujijua ndio upendwe, nani alishamaliza? Lakini kuko kitu lazima kiwe chako kabla mutu hajaingia, na kibaki hata akitoka.

Weye, mwanangu, nimekuona. Na ule mupenzi wa kwanza ulikuwa mutu wa maombi ya usiku kucha, ule wa biashara akaja ukaacha kushona ukauza vitenge vyake, ukaanza hata kucheka kama yeye, na kila mara mutu akienda unabaki mutupu, unasema haujijue. Utajijua namna gani kama kila mupenzi anakuta umeshahama? Kushona ulikupenda toka utoto bila mutu kukutuma. Urudilie kushona, hata siku yenye hausikii hamu, na ile hasira yako ya kuona mutoto anapigwa bure, usiifiche sababu ya mutu.

Na furaha ya kila siku usiitafute, mi na mama yako tulipitisha miezi mikavu kabisa, hatukusema mapendo yameisha, tulikula bukari pamoja tukangoja. Ila huo utupu ukiwa hauondoki, unakunyima usingizi kila siku, tafuta mutu wa saikolojia, si haya na si pepo.

Ule kijana wa sasa, mwenye anataka uache atelye yako hapo Kolwezi umufuate Likasi, umeshamwambia kama hautaki? Mwambie hii wiki, wazi, bila kulia na bila kuomba samahani, halafu unipigie unieleze alijibu nini, neno kwa neno.

Papa yako